Programu Tuliyoipigia Kura

Hadi leo mwanafunzi akiniuliza atumie programu gani kuandikia ripoti zake, hasira hunipanda kabla sijafungua mdomo. Maskini, yeye huuliza kwa nia njema. Kazi yangu ni kufundisha kompyuta na yeye ana haki ya kuuliza. Humwambia achukue ile ya bure, inatosha kabisa, kisha nageukia ubao na kufuta mahali ambapo tayari ni safi. Hajui kwamba swali hilo niliwahi kulijibu kwa karatasi ya kura.

Ilikuwa mwaka wa 2008, mjini Eldoret. Chuo chetu kilichelewa kufunguliwa kwa sababu ya yale yaliyotokea baada ya uchaguzi, na ninaposema "yale yaliyotokea" najichukia, maana hivyo ndivyo tulivyojifunza kusema. Yalitokea, kana kwamba ni mvua. Nyumba zilichomwa. Zilichomwa na watu wenye mikono, na baadhi ya mikono hiyo nilikuwa nikiisalimia dukani kila asubuhi.

Sisi tulikaa Langas. Wazazi wangu walikuja kutoka upande wa ziwa kutafuta kazi, na katika uchaguzi ule watu wa upande wetu na wenyeji wa huku juu walikuwa wamempigia kura mtu mmoja. Kwa hiyo hatukuguswa. Baba aliandika kabila letu mlangoni kwa chaki, kwa herufi kubwa zilizonyooka, na vijana walipofika walisoma wakapita. Rafiki yangu alikaa ng'ambo ya njia, hatua ishirini kutoka kwetu. Kwao ni upande wa Mlima Kenya, ingawa yeye alizaliwa hapo hapo Langas na mlima wenyewe alikuwa ameuona mara mbili tu. Tulichota maji kwenye mfereji mmoja tangu tukiwa wadogo. Nyumba yao iliteketea mchana kweupe, na mimi nilitazama kupitia tundu la dirisha, mama akinivuta sketi nitoke pale.

Walihamia kwenye hema katika uwanja wa maonyesho. Baada ya muda wazazi wake wakaenda Nakuru kwa ndugu zao. Yeye alikataa kwenda. Alibaki hemani na shangazi yake ili amalize chuo, kwa sababu ulikuwa mwaka wetu wa mwisho na alikuwa mwanafunzi bora kuliko sisi sote, tena kwa mbali. Mama yake alikubali kwa sharti moja. Alinieleza tukiwa tumeketi kwenye ngazi za maktaba.

"Mum amesema nimalize huu mwaka tu. Nikifeli kitu, nikiambiwa nirudie, naenda Nakuru na chuo imeisha. Hataki kusikia nimekaa Eldoret mwaka mwingine."

"Hutafeli," nikamwambia. "Wewe ufeli? Basi sisi wengine tufunge virago leo."

Alicheka. Nilikuwa na hakika kabisa.

Mhadhiri wetu alikuwa amerudi kutoka kwa semina fulani ya amani akiwa na fulana mpya na maneno mapya. Alitugawa katika vikundi vya watu watano vya kuandika ripoti ya mwisho, na akatangaza kwamba ametuchanganya makusudi. "Mtafanya kazi pamoja, mpende msipende," alisema, akapiga makofi peke yake. Masharti yalikuwa mepesi. Kila kikundi faili moja. Kila mtu sura yake, na jina lake juu ya sura hiyo. Asiye na sura hapati alama, na asiyepata alama anarudia mwaka. Kikundi kichague programu moja ya kuandikia na kila mtu aitumie hiyo hiyo, asije akaletewa vipande visivyoshikana.

Basi tukawa watano. Kijana mmoja wa Elgon View, mtaa wa matajiri wa mjini kwetu, ambaye baba yake alikuwa na malori ya kubeba mahindi, na ambaye peke yake darasani mwetu alikuwa na laptopu. Binti wa mwalimu kutoka Ziwa, mji mdogo wa huko huko juu usio na uhusiano na ziwa la kwetu, mtaratibu, mwenye kucheka kila kijana huyo alipocheka. Hao wawili walikuwa wenyeji. Kisha rafiki yangu, na mwanafunzi mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza viatu mjini. Hao wawili wa upande wa Mlima. Na katikati, mimi. Mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuiona hesabu hiyo.

Programu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bure. Kompyuta za zamani za maabara ziliibwa wakati wa vurugu, na wahisani wakatuletea zilizotumika, zikiwa tayari na programu hiyo ya bure ndani yake. Ilifanya kila kitu tulichohitaji. Maabara ilikuwa wazi kuanzia asubuhi hadi jioni na mtu yeyote aliingia. Ya pili ilikuwa ile maarufu ya kulipia, toleo jipya kabisa, na ilikuwa kwenye laptopu ya kijana wa Elgon View. Ninasema ya kulipia, lakini yeye hakulipa chochote kwa kampuni. Aliipata kwa muuza CD nyuma ya steji ya matatu, namba ya kuifungulia ikiwa imeandikwa kwa biro kwenye karatasi ya juu. Ilikuwa ya wizi. Ninataka hilo lieleweke vizuri. Tulikuwa tunachagua kati ya kitu halali kilichokuwa cha wote na kitu cha wizi kilichokuwa cha mtu mmoja.

Rafiki yangu alisema neno lake kwanza, bila mbwembwe. "Lab iko hapo, iko wazi, hakuna mtu atamngoja mwingine. Hiyo laptop ni ya mtu mmoja. Akisafiri nayo je?"

Kijana wa Elgon View aliegemea kiti. "Hiyo ya lab ni programu ya camp," akasema. "Ilikuja na unga na blanketi. Mimi siwezi andika ripoti yangu na programu ya wakimbizi, bana."

Binti wa Ziwa alicheka. Mimi nilicheka pia. Kicheko kidogo, cha puani, lakini nilicheka, na rafiki yangu alikuwa amelala kwenye blanketi hizo usiku uliotangulia.

Kuanzia hapo haikuwa habari ya programu tena. Ningependa mtu anieleze ni wapi pengine duniani watu watano wazima, wameketi meza moja, wangehitaji kura ya siri kuamua waandike ripoti kwa kitu gani. Sisi tulihitaji. Kijana wa Elgon View alikata karatasi tano sawasawa kwa rula. Binti wa Ziwa akatoa kontena yake ya chakula, bado ina harufu ya kabichi, ikawa sanduku la kura. Yule wa viatu akasema anataka wakala wa kusimamia kuhesabu. Hakuwa anatania! Ikakubaliwa kila upande uwe na wakala, na mimi nikaulizwa ninataka kuwa wakala wa nani. Nikasema mimi sihitaji.

Asubuhi hiyo kijana wa Elgon View alikuwa amenisimamisha getini. "Wewe uko side gani?" aliniuliza, anatabasamu. Sikumuuliza anamaanisha upande gani. Nilijibu, "Si unajua tu." Akasema vizuri, nikitaka kutumia laptop niseme siku yoyote.

Tuliandika kila mmoja amejikunyata juu ya karatasi yake, amezuia kwa mkono. Karatasi zikasomwa kwa sauti, moja moja, mawakala wakiinama kuhakikisha. Laptop. Lab. Lab. Laptop. Ya tano ilipokunjuliwa nilikuwa natazama kabichi iliyoganda kwenye ukingo wa kontena. Laptop. Yule wa viatu alisimama, akamkazia macho kijana wa Elgon View, kisha akatoka bila kuaga. Wiki ile ile aliomba ahamishiwe kikundi kingine, naye mhadhiri mpenda mchanganyiko akamruhusu bila kumuuliza sababu.

"Wamesusia," kijana wa Elgon View akasema, amefurahi kweli kweli.

Rafiki yangu hakususia. Alikuwa amekwisha kufanya kazi yake. Ripoti yetu ilikuwa juu ya akina mama wa sokoni waliorudi kwenye vibanda vyao baada ya moto, na yeye peke yake ndiye aliyekwenda kuzungumza nao, mama mmoja mmoja, wa kila kabila. Walimfungukia kwa sababu alikuwa anatoka hemani kama baadhi yao. Sura hiyo ya nne ndiyo iliyokuwa ripoti. Sisi wengine tuliandika utangulizi, historia ya soko, na maneno ya kujaza kurasa.

Tulifanya kazi kwa flashi moja. Mwenye zamu anaandika sehemu yake katika faili lile lile, kisha anampa flashi anayefuata. Alianza mwenye laptopu, akafuata binti wa Ziwa, kisha zamu ikawa ya rafiki yangu. Yeye laptopu hakuazimwa, kwa hiyo alikwenda na flashi maabara asubuhi, na kabla ya saa sita alikuja kunitafuta.

"Hii kitu imekataa kufunguka," akasema. Nilienda nikaona mwenyewe. Kioo kizima kilijaa alama za ajabu na visanduku vitupu. Laptopu ilikuwa inahifadhi faili kwa aina mpya ambayo programu ya maabara ilikuwa bado haiijui. Saiba nyingi za mjini, zile nyumba za intaneti za kulipia, pia zilikuwa na matoleo ya zamani. Nako alijaribu mbili, ikawa yale yale. Dawa yake ilikuwa ndogo mno. Mwenye laptopu anachagua aina ya zamani wakati wa kuhifadhi, basi, faili linafunguka popote. Ni kubofya mara mbili.

Nilimwendea kijana wa Elgon View nikamweleza.

"Aje, kwani hatukupiga kura?" akasema. "Tulipiga ama hatukupiga? Walioshindwa wakubali matokeo."

"Lakini ni kusave tu kwa ile aina ingine. Ni dakika moja."

"Leo ni hiyo, kesho watasema turudie kura. Wewe usianze kutumiwa."

Nikasema sawa. Sikuwa na sababu yoyote ya kusema sawa.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu na alinipa laptopu, zawadi yangu. Niliiweka mezani nyumbani, mama akatandika kitambaa chini yake. Niliandika kurasa zangu tatu za kujaza. Nilipofika kwenye kuhifadhi, orodha ya aina za faili ikashuka, na ile ya zamani ilikuwa hapo hapo, mstari wa tatu. Niliweka mshale juu yake. Nikakaa hivyo kwa muda. Kisha nikaondoa mshale, nikahifadhi kwa aina mpya kama nilivyoikuta.

Nimejaribu kujitetea kwa miaka mingi na nimechoka. Niliogopa, ndiyo. Lakini niliogopa nini? Moto ulikwisha. Hakuna mtu angekuja kutuchomea nyumba kwa ajili ya faili. Jambo baya kabisa ambalo lingenipata ni kijana huyo kusema kantini kwamba nimehamia kwa wale, na kuninyima laptopu yake ya programu ya wizi. Kwa hilo tu nilimfungia rafiki yangu mlango, na nilikuwa mtu wa kuimba kwaya Jumapili iliyofuata.

Yeye hakulalamika. Faili jingine lililoandikwa kwa programu ya maabara lisingepokewa, kura ilikuwa imeshaamua. Alinunua karatasi za fulskepu akaandika sura nzima kwa mkono, kurasa ishirini na mbili, mwandiko wake mdogo uliosimama wima, hata majedwali aliyachora kwa rula. Akaniletea.

"Uko na laptop tena hii wikendi, si ndio? Nitypie, tafadhali. Uweke jina langu hapo juu."

Niliichapa yote. Hilo nililifanya, na mara nyingi nimejaribu kulishikilia kama ushahidi wa wema wangu. Niliweka jina lake juu. Nikarudisha laptopu. Siku mbili baadaye ripoti ilipochapishwa na kufungwa kwa jalada, sura ya nne ilikuwa kurasa nne tu na haikuwa na jina. Kijana wa Elgon View alisema ilikuwa ndefu mno, na kwamba kazi ya sokoni ilikuwa ya kikundi kizima. Maneno ya akina mama aliyaacha, kwa sababu alijua ni mazuri. Nilimwona rafiki yangu akigeuza kurasa, akirudi nyuma, akigeuza tena. Akafunga jalada akalishika kifuani.

Siku ya kuwasilisha tulisimama wanne mbele ya mhadhiri. Alipekua, akasimama kwenye sura ya nne, akaisoma kwa muda mrefu kuliko zingine.

"Hii ni nzuri. Lakini haina jina. Ni ya nani?"

"Ni ya kikundi, sir," akasema kijana wa Elgon View.

"Ni yangu, mwalimu," akasema rafiki yangu. "Niliandika kwa mkono kwa sababu file ilikataa kufunguka lab. Huyu ndiye alinitypia." Akanigeukia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alinigeukia kama mtu anayenyoosha mkono kuchukua kitu chake mwenyewe.

Mhadhiri akanitazama. "Ni kweli?"

Kijana wa Elgon View alikuwa upande wangu wa kushoto. Nilisikia anavyopumua.

"Nilitype vitu mingi, sir," nikasema. "Sikumbuki ni gani ilikuwa ya nani."

Nilikumbuka kila mstari. Ningeweza kumsomea mhadhiri kwa kichwa, kuanzia mama wa nyanya aliyerudi akakuta jirani amemlindia mizani yake, hadi yule wa omena, dagaa wa ziwani, aliyesema hauzi tena akiwa amewapa watu mgongo. Nilisema sikumbuki.

Mhadhiri akatazama saa yake. "Mambo ya kikundi malizeni kikundini," akasema, akaandika kitu. Fulana ya amani alikuwa ameivaa siku hiyo hiyo. Aliwaagiza watu waishi pamoja, na walipomletea kesi ya kwanza, rahisi, ya mtu kunyang'anywa kazi yake mbele ya macho yake, akatazama saa. Sijawahi kumsamehe, na simtafutii sababu.

Rafiki yangu hakupata alama ya sura hiyo. Kwenye orodha ya matokeo jina lake lilikuwa miongoni mwa wanaorudia mwaka. Alikuja nyumbani kwetu Langas mara ya mwisho, akasimama nje, hakuingia ingawa mama alimkaribisha chai.

"Naomba karatasi zangu," akasema.

Nilizileta zile fulskepu. Alizihesabu, akazitia kwenye mfuko wa karatasi. Akasema asante. Wiki hiyo alipanda gari akaenda Nakuru, na chuo kikaishia hapo kwake, kama mama yake alivyosema.

Mimi nilifaulu. Kijana wa Elgon View alifaulu vizuri zaidi kuliko sisi sote, kwa ripoti iliyosifiwa kwa sura yake ya nne. Nilipata kazi ya kufundisha. Chaguzi zimekuja na kupita, na kila moja ikikaribia watu huanza kuulizana upande, na mimi huanza kukasirika mapema, hata nyumbani wananikwepa. Mume wangu anadhani ni siasa.

Mwaka juzi nilikutana na yule wa viatu. Sasa ana duka lake karibu na soko, na ana mvi. Alinitambua kabla sijamtambua. Tulisalimiana kama watu wenye adabu, na nilipomwomba namba ya rafiki yangu alinitazama kidogo kabla ya kutoa simu yake.

Niliandika ujumbe mrefu kuliko ujumbe wowote niliowahi kuandika kwa simu. Nilimweleza yote. Orodha ya aina za faili, mstari wa tatu, mshale. Nilimweleza kuhusu getini asubuhi ile. Nilimwambia kwamba nilikumbuka, kwamba nilikuwa nakumbuka wakati ninasema sikumbuki. Sikuomba anisamehe kwa sababu sikujua ningemwomba kwa mdomo gani. Nilituma, nikaweka simu kifudifudi, nikaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Alijibu baada ya siku mbili.

"Hiyo ya file nilijua tangu siku hiyo. Si tulifundishwa kusave pamoja, tukiwa kiti moja? Hiyo nilishaiacha. Lakini kuna kitu sikuwahi kukuambia. Kabla tupige kura, yule wa viatu aliniambia tutashindwa, hao wako watatu na sisi tuko wawili. Nikamwambia awache wasiwasi. Nikamwambia sisi ndio tuko watatu."